Ukikwama, Nipigie

Sifa zote njema zimrudie Mwenyezi Mungu, amjuaye kila mja kwa jina lake kabla mama hajalitamka, asiyehitaji tujaze chochote ndipo atutambue. Namshukuru kwa alichonipa na kwa alichokichukua, kwa maana vyote vilikuwa vyake. Rehema na amani zimfikie Mtume wake. Baada ya hayo, naandika habari za binti yangu na kazi ya mikono yake, macho yangu yakiwa bado yananiruhusu.

Mimi ni mwalimu wa madrasa. Nilizaliwa Koboko, kaskazini-magharibi mwa Uganda, katika nyumba ya askari, na hukohuko nilifundisha watoto hadi magoti yangu yalipokataa kukaa mkekani. Ndipo mimi na mke wangu tukahamia Arua, mtaa wa Oli, katika nyumba ya vyumba viwili aliyokuwa amepanga binti yetu wa mwisho. Watu walisema tumekuja kumtunza, kwa kuwa alizaliwa na ugonjwa wa selimundu, ule unaoharibu damu na kuvunjavunja mwili kwa maumivu. Tulimtunza kweli. Lakini aliyeleta unga nyumbani alikuwa yeye.

Alikuwa akitengeneza kurasa za mtandao. Shule ilitaka ukurasa, zahanati ikataka, chama cha kuzikana kikataka, hata msikiti wetu; na kila mmoja alitaka ndani yake kuwe na fomu, ili mtu ajiandikishe kwa simu bila kupanda bodaboda hadi mjini. Siku njema alikaa barazani, kompyuta juu ya kigoda. Siku za maumivu alilala ubavu, kompyuta juu ya mto, akibonyeza kwa mkono mmoja huku mama yake akimkanda mguu kwa kitambaa cha maji moto.

Siku moja nilimwuliza mbona anaandika jambo lilelile aliloliandika juzi. Akacheka. Akaniambia kwamba nimeiona shida yake yote. Kila ukurasa una kisanduku cha jina, kisanduku cha simu, cha mahali mtu anapotoka, cha siku ya kuzaliwa, na kitufe cha kutuma. Kila akipewa kazi mpya alivijenga upya, na kila akivijenga alikosea mahali papya.

"Baba, mwili wangu hauna nguvu ya kufanya kitu kimoja mara kumi," alisema. "Nataka nikifanye mara moja, vizuri, halafu kila ukurasa uje kukichukua."

Nikamwambia kumbe ni kama ubao wangu wa madrasa. Asubuhi naandika herufi kwenye ubao mkubwa, na kila mtoto anainakili kwenye ubao wake mdogo. Alifikiri kidogo, akasema inafanana lakini si sawa. Watoto wakishanakili, hata nikifuta ubao mkubwa, zao zinabaki kama zilivyo. Kipande chake yeye kinakaa mahali pamoja tu, na kurasa zote zinakitazama pale. Akikibadilisha, kimebadilika shuleni, zahanati na msikitini kwa wakati mmoja. Akikosea, amekosea kote.

Akaacha kucheka aliposema hivyo. Niliona kwamba jambo hilo linampendeza na kumtisha.

Alifanya kazi na mwenzake, binti wa kutoka Dadamu, nje ya mji, waliyesoma naye sekondari, Mkristo, mwenye ulimi mwepesi. Yule alipanga sura ya kurasa, rangi na picha. Vipande vya fomu vilikuwa vya binti yangu. Nilikuwa nikiwasikiliza kutoka dirishani huku nikisoma, na nakiri kwamba mara nyingine nilisahau kufungua ukurasa unaofuata.

Kisanduku cha jina ndicho kilichowatesa kuliko vyote. Violezo vilivyokuja tayari kutoka nchi za mbali vilidai majina mawili, jina la mtu na jina la ukoo, na bila hayo mawili vilikataa kuendelea. Sasa sisi Waislamu wa Koboko mtu ana jina lake, la baba yake na la babu yake. Majirani zetu Walugbara kila mtoto hupewa jina lake mwenyewe, na mara nyingi jina hilo hueleza hali ya nyumba siku alipozaliwa, kama palikuwa na njaa, ugomvi au msiba.

"Mimi iko na jina yangu, kaka yangu iko na yake, baba iko na yake," mwenzake alimwambia. "Hiyo jina ya ukoo unatafuta, sisi tuliifukia wapi?"

Kwa hiyo watu walikuwa wakibuni. Waliandika jina la kijiji, la mume, hata la mchezaji wa mpira, mradi mlango ufunguke. Kisha kule zahanati muuguzi akasimama kuita lile jina la kubuni, na hakuna aliyeinuka, maana mwenyewe ameshalisahau. Binti yangu alivunja kisanduku kile. Akajenga kimoja, kirefu, kisichodai kitu: jina lako lote, kama wewe unavyolijua. Chini yake akaweka kingine, ambacho mtu angeweza kukiruka: nyumbani wanakuitaje?

Cha simu nacho alikijenga akiikumbuka Koboko, ambako mtu mmoja hubeba laini ya Uganda, ya Kongo na ya Sudan Kusini, na hubadilisha kutegemea kilima alichopanda. Kisanduku chake kilipokea zote tatu bila kunung'unika. Cha siku ya kuzaliwa alikipa kitufe kidogo pembeni kilichoandikwa Sijui. Hicho alikiweka kwa ajili ya mama yake, ambaye anajua tu kwamba alizaliwa wakati wa kuvuna ulezi. Alimpa simu ajaribu. Mke wangu akabonyeza Sijui, fomu ikaendelea, naye akasema, "Leo kompyuta imenipa heshima."

Na chini ya visanduku vyote aliandika maneno madogo ya kijivu. Nayajua kwa moyo: Andika taratibu, hakuna anayekuharakisha. Ukikwama, nipigie. Kisha namba yake ya simu. Hakuweka jina. Mwenzake alimwonya kwamba atajuta, kwamba watu wa wilaya zote watamkalia sikioni. Akajibu kwamba siku nyingi yeye amelala tu, na aliyelala anaweza kupokea simu.

Walimpigia kweli. Nilimsikia akimwelekeza mtu kwa sauti ya chini, kisanduku baada ya kisanduku, jasho likimtoka kwa maumivu, na aliyekuwa upande wa pili hakujua. Alipokata simu ndipo alipouma kona ya mto.

Mvua za kwanza zilipoanza, homa ilimshika juu ya maumivu. Tulimpeleka hospitali. Mungu akaamua kabla ya madaktari. Tulimchukua hadi Koboko, tukamlaza karibu na baba yangu, na wanafunzi wangu wa zamani, watu wazima sasa wenye ndevu, wakashindana kushika jeneza. Nilishukuru kwa kila bega. Sikuweza kusema zaidi, na leo pia sitasema zaidi.

Siku ya arubaini wazee walikaa kugawa vitu vyake, kama ilivyo desturi yetu, ili marehemu asibaki amefungwa na mali. Nguo zilikwenda kwa wanawake waliomwosha. Kompyuta ilikwenda kwa mwenzake wa Dadamu, aliyeipokea kwa mikono miwili, akatoka nje kulia. Mama yake alichukua mkeka. Walipofika kwenye simu, niliwaomba waiache. Niliwaambia bado iko kazini.

Ilikuwa bado iko kazini kweli. Tangu siku za matanga haikuacha kulia. Kurasa zote zilikuwa hai na maneno yake yalikuwa chini ya kila kisanduku, na watu waliendelea kukwama. Basi nikapokea mimi. Mwenzake alinifundisha kufungua ukurasa wenyewe kwenye simu yangu ili nimfuate mtu mahali alipo. Niliianza kazi ile kama nilivyoanza somo la madrasa: bismillahi, kisha kisanduku cha kwanza.

Mzee mmoja wa Koboko alishangaa kusikia sauti yangu, akauliza kama kompyuta nazo sasa zinazeeka. Kisha akasema fomu ya zahanati inamtaka jina la ndugu wa karibu, naye ana wake watatu, amwandike yupi bila kuwasha moto nyumbani. Nikamwambia amwandike yule atakayekubali kulala naye hospitali akiugua. "Basi, maalim," akasema, "hapo hakuna mutu."

Nilicheka, na nilipocheka niliona mke wangu hayupo. Ndivyo ilivyokuwa. Kila simu ile ilipolia, kwa mlio uleule, alikuwa akiweka chini alichoshika na kutoka nje. Mwanzoni nilidhani anaondoa kelele. Baadaye nikaona kwamba mlio wa kwanza humwinua kana kwamba ameitwa, na wa pili humkumbusha. Hakunilaumu. Aliniuliza mara moja tu, akipepeta mchele bila kuniangalia.

"Maalim, mpaka lini?"

Nikamjibu kwa elimu. Nikamkumbusha tulichofundishwa, kwamba mtu akifa matendo yake hukatika isipokuwa sadaka inayoendelea, elimu yenye manufaa, na mtoto mwema amwombeaye dua. Yeye hakuacha mtoto. Ameacha vipande hivi. Kila mtu anayevuka fomu yake kwa usalama ni sadaka, nami nimeshika mpini wake tu. Mke wangu alisikiliza hadi mwisho, akasema, "Umesema vizuri," akaendelea na mchele.

Kisha akaja mama mmoja kutoka Omugo, penye makazi ya wakimbizi.

Alikuwa mmoja wa watu ambao binti yangu aliwasaidia mara nyingi bila kuonana nao. Alipiga siku moja akimtaka yule aliyezoea kumwita dada, nikamweleza kwamba hatunaye tena. Hakulia kwenye simu. Siku ya pili yake alifika Oli amebeba ufuta kwenye mfuko, ameulizia njia tangu stendi, akasema amekuja kutoa pole, kwani kifo cha mtu aliyekufundisha huwezi kukipigia simu. Mke wangu alimpokea kama ndugu. Wakakaa chini, wakazungumza mambo ya marehemu, na kwa mara ya kwanza nilimsikia mke wangu akimsimulia mtu jinsi binti yetu alivyokuwa utotoni.

Alipokuwa karibu kuondoka, mgeni alitaja jambo kwa upole, kama mtu anayeondoa unyasi kwenye nguo ya mwenzake. Alisema zahanati iliwaandikisha watoto wenye shida ya macho, kwa kuwa madaktari wa upasuaji walikuwa wanakuja kutoka mbali. Jirani yake, mkimbizi katika makazi ya pale, ana mtoto wa kike ambaye jicho moja limefunikwa na weupe na la pili limeanza. Jirani yule aliazima simu, akajaza jina, akajaza mahali, akafika kwenye kisanduku cha namba. Yeye mwenyewe hana simu. Aliogopa kuandika namba isiyo yake, akihofia kuonekana mwongo na mtoto kufukuzwa. Akasoma maneno yaliyomwambia apige. Akapiga.

"Ilikuwa Ijumaa, mzee. Ulikuwa kwa swala, nafikiri," alisema. "Akapiga tena, ikasema simu imezimwa. Mwenye simu akataka simu yake. Basi ikaisha hapo."

Umeme ulikuwa umekatika siku zile mtaani kwetu. Nilimwuliza kama mtoto alipata nafasi nyingine. Akasema madaktari walikuja, wakafanya kazi, wakaondoka.

"Watarudi?"

"Wanasema watarudi. Lini, hawasemi."

Akanitazama, akaona uso wangu, akaharakisha kusema hakuja kunilaumu. Jirani yake hamlaumu mtu. Ni kwamba tu, wakati binti yangu alipokuwapo, alikuwa akijibu hata usingizini.

Alipokwenda nilikaa barazani hadi adhana ya alasiri. Nilikuwa nimemweleza mke wangu habari ya sadaka inayoendelea. Sikuwa nimefikiria kwamba mlango nao huendelea kuwaita watu hata nyumba ikiwa tupu. Binti yangu aliandika nipigie akiwa na uhai wa kujibu. Mungu alikuwa ameshaifuta ile ahadi kwa kumwita kwake. Mimi ndiye niliyeendelea kuiacha imeandikwa, kwa sababu ilikuwa sauti yake, na kwa sababu simu ikilia nilijisikia kana kwamba yuko chumba cha pili.

Nikamwita mwenzake wa Dadamu. Alikuja na ile kompyuta, akaiweka juu ya kigoda kilekile. Nilipomweleza hakushangaa. Alisema alitaka kuniambia tangu arubaini, akashindwa.

"Baba, mimi najua mahali iko," alisema. "Iko mistari miwili tu. Lakini mkono yangu ilikataa."

Tulifanya kazi alasiri ile na siku zilizofuata. Alisema namba isiwe moja kwa watu wote. Kipande kibaki kimoja, lakini kila ukurasa ulete namba yake wenyewe, zahanati ya muuguzi wa zamu, shule ya ofisi, msikiti ya katibu. Hilo lilikuwa zuri. Lakini akauliza tena kitu ambacho sikukitegemea: watu wanapokwama, hukwama wapi? Mimi ndiye niliyewasikia. Nikagundua kwamba ninajua. Nilimweleza kisanduku kwa kisanduku, naye akaandika majibu yangu mahali palepale penye yale maneno ya kijivu. Kama huna simu, andika ya jirani unayemwamini, si uongo. Kama una wake zaidi ya mmoja, mtaje atakayekaa nawe. Kama mtoto ana majina mawili, anza na lile analoitikia. Mke wangu, aliyekuwa akipita na kurudi bila kazi, alisimama nyuma yetu akasema tuongeze kwamba mtu asiyejua kusoma aruhusiwe kusomewa, asione haya. Tukaongeza.

Mwisho yakabaki yale ya kwake. Mwenzake aliondoa mikono kwenye kompyuta.

"Niondoe zote?"

Nilimwomba aache sentensi ya kwanza. Andika taratibu, hakuna anayekuharakisha. Hiyo ni kweli hata asiposema yeye. Ya pili aiondoe.

Nilikuwa nimefungua ukurasa wa msikiti kwenye simu yangu. Alibonyeza, akaniambia niufungue upya. Nipigie haikuwapo. Nikafungua wa zahanati; haikuwapo. Wa shule, wa chama cha kuzikana, nilikwenda kila mahali kama mtu anayegonga milango ya jamaa, na kila mahali alikuwa ameshaondoka. Ilikuwa kama alivyoniambia yeye mwenyewe, kote kwa wakati mmoja. Tulipomzika Koboko nilikuwa na watu wengi na udongo wa kushika mkononi. Siku ile sikuwa na cha kushika. Mwenzake alifunga kompyuta. Mke wangu alileta chai, tukainywa, na ilikuwa chai nzuri, namshukuru Mungu.

Simu iliendelea kulia kidogo, kutoka kwa watu walioihifadhi namba, kisha ikapungua, kisha ikanyamaza. Niliitoa laini. Nilisema nitaitupa, lakini iko ndani ya kikombe kwenye kabati, na mke wangu anajua. Simu yenyewe niliitangaza mbele ya wazee kuwa ndicho kitu cha mwisho cha marehemu kisichogawiwa, wakaniuliza apewe nani. Tuliipeleka Omugo kwa mkono wa yule mama, ampe jirani yake asiye na simu, ili siku madaktari watakapotangazwa awe na namba yake mwenyewe ya kuandika.

Hawajarudi bado. Yule mama hunitumia salamu. Anasema mtoto ameanza kujifunza kumtambua mtu kwa hatua zake. Namweka mtoto yule katika dua zangu baada ya kila swala, yeye kwanza, kisha binti yangu. Naamini binti yangu ndivyo angetaka nipange.

Nyumba yetu iko kimya sasa. Jioni, mke wangu akipika, mara nyingine huacha mwiko na kugeuza kichwa kuelekea rafu ilipokuwa ile simu. Hapana kilicholia. Nami husema, "Sikusikia kitu," naye husema, "Hata mimi," kisha huendelea kukoroga.

Nawe uliyesoma hadi hapa, Mungu akuandike miongoni mwa waja wake kwa jina lile unaloitikia. Akufanyie wepesi pale palipokufungia, na siku utakayokwama, ukaita, asikukoseshe mtu wa kujibu. Amina.